Mkono wa Chokaa

Shangazi yangu, dada yake mkubwa baba, alikuwa na vidole vinne katika mkono wa kulia. Cha shahada hakikuwapo. Kilibaki kipande kifupi tu, kimekatika mshazari, kimeelemea upande wa dole gumba, na ngozi yake ilikuwa laini inang'aa. Akisali, akifika pale pa kunyoosha kidole, alinyoosha kile kipande, nami utotoni nilikuwa nikikaa nyuma yake nikikikodolea macho badala ya kusali. Nilipigwa kwa ajili hiyo mara nyingi, na sikuacha.

Aliyemkata alikuwa baba yangu. Walikuwa watoto, baba akichonga pia ya kuchezea kwa panga, dada yake akamshikia ule mti. Hapakuwa na siri. Kisa kilisimuliwa hata mbele ya wageni, shangazi akicheka na baba akiinamisha kichwa. Baba akaja kuwa seremala Mji Mkongwe, fundi wa milango na makabati, na karakana yake ilikuwa chini ya nyumba yetu, upande wa njiani. Shangazi alikuwa akimtania kwamba kazi kajifunzia mwilini mwake yeye.

Shangazi mwenyewe alikaa shamba, upande wa Dunga, katika kiambo cha wazee wao. Mumewe alikwishakufa. Alikuwa na muhogo wake, minazi michache, na mifenesi mikubwa ya siku nyingi, ile ambayo mbao zake ni za manjano zikiwa mbichi na huiva rangi kila zikikaa. Mafundi wa mjini walikuwa wakiitolea macho mifenesi ile, baba akiwa wa mwanzo wao.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila ya hilo mengine hayaeleweki. Miaka ile baada ya Mapinduzi mbao za kutoka nje zilikuwa adimu, na wanunuzi wakawa wanazunguka mashamba kutafuta miti ya kupasua. Mtu anauza mfenesi mmoja, anarudi kutoka sokoni anakuta imelala mitatu. Akiuliza anaambiwa, "Si tulielewana?" Mti ukishakuwa mbao hauna mwenyewe tena, na wazee wengi waliachwa wamesimama katikati ya vumbi la msumeno wakijiuliza walisema nini na walinyamazia nini.

Ni baba aliyewatengenezea watu wa kule njia ya kujilinda. Alikuwa anazijua hila za wanunuzi kwa sababu alikaa nao barazani wakijisifu. Akawaambia: mti usikatwe mpaka mwenye mti auwekee kiganja chake cha chokaa, kimoja usawa wa kifua, cha pili chini kabisa karibu na mizizi, chini ya pale utakapopita msumeno. Chokaa ikorogwe na chumvi na utomvu wa fenesi, isioshwe na mvua. Mti ukiondoka, mkono wa chini unabaki kwenye kisiki. Ukikuta kisiki hakina mkono, umeibiwa, mshike mtu. Tena matawi ni kuni za mwenye shamba, gogo lisiburutwe juu ya mazao, na mti wa makaburini haukatwi kwa maneno ya mtu mwingine, lazima mwenyewe aseme mbele ya wazee wa kijiji.

Jambo likashika. Watu wakawa wanapiga viganja kwa fahari, kama wanaobandika hina. Kwa shangazi lilikuwa bora zaidi, maana nani ataweza kuiga mkono wa vidole vinne? Baba alisema hivyo mwenyewe, kwa furaha, na shangazi akauinua ule mkono juu na kusema kumbe siku ile ya pia alikuwa akiwekewa akiba.

Mimi sikuupenda mchezo ule hata kidogo. Nilikuwa msichana wa mjini, mwepesi wa hasira na mzito wa kuamini mashetani, lakini kila nilipokwenda kumtazama shangazi nikapita kwenye visiki vya mifenesi aliyoiuza, nilikuwa nikiharakisha. Mikono ile ilikuwa chini kwenye majani, myeupe, imefunguka, kama ya watu waliofukiwa wanaoomba kuvutwa. Nilimwambia shangazi, akanicheka. Akasema vijana wa mjini wanaogopa chokaa na hawaogopi gari.

Kulikuwa na mfenesi mmoja asiouza. Ulikuwa nyuma ya nyumba, pembeni ya makaburi ya ukoo, mnene kupita yote iliyobaki. Shangazi alimzaa mtoto mmoja tu maisha yake, wa kike, na kitovu chake kilizikwa pale siku kichipukizi kilipopandwa. Kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine, na ule mfenesi ulikuwa wa mtoto. Mtoto akafa kwa surua kabla ya kujua kuukwea, akazikwa papo hapo chini yake. Wanunuzi wakiuulizia, shangazi alikuwa akijibu jibu moja: "Si wangu. Mwenyewe yupo pale, kamuulizeni." Basi wakiondoka bila ya kugeuka nyuma.

Mnunuzi mmoja tu ndiye aliyekuwa akirudi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, koti la kijivu, mikono safi kupita kazi yake. Alikuwa akija na halua. Shangazi aliipokea halua na kumjibu vilevile, naye anaguna, anautazama mti kuanzia chini mpaka kileleni, anakwenda zake. Huyo alikuwa akimpelekea baba mbao pia. Nilikuwa nikimwona karakanani, amekaa juu ya benchi la kazi, na baba amesimama. Nilichukia kumwona mtu amekaa na baba yangu amesimama katika karakana yake mwenyewe.

Halafu shangazi akaanza kuugua kifua. Baba akamleta mjini, akalala chumba changu, na mimi nikawa ndiye wa kumpikia uji na kumsugua mgongo. Alikohoa mpaka dirisha likitetema. Baba alikuwa hatulii nyumbani siku zile. Karakana ilikuwa kimya, wateja wake wa zamani wengi wameshahama nchi, na fundi aliyekaa na karakana tupu alikuwa na hofu kwamba Serikali itaichukua impe mwengine. Alitoka asubuhi, anasema anakwenda kutafuta mbao, anarudi magharibi na vumbi la shamba miguuni. Sikuuliza. Nilimwonea huruma, na huruma huzuia mtu kuuliza.

Siku moja shangazi akanituma kwake nikamletee kanga zake na nikatazame muhogo. Nikapanda gari la shamba, nikafika jua limepanda. Jirani yake, bi mmoja mnene aliyekuwa akimlindia kuku, akanipokea kwa uso wa ajabu.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Shangazi yako karudi lini?"

"Hajarudi. Nimemwacha mjini sasa hivi, yuko kitandani."

Bi yule akaufunga vizuri mtandio wake. "Mbona mkono wake umekuja?"

Nilidhani ananitania. Akanishika, tukazunguka nyuma ya nyumba. Kwenye mfenesi wa mtoto, usawa wa kifua, palikuwa na kiganja cheupe. Chini, karibu na mizizi, kingine. Vidole vinne. Pale penye kidole cha shahada palikuwa na kipande kifupi, kimekatika mshazari, kimeelemea dole gumba.

Nitasema kweli: nilitaka kukimbia. Jua lilikuwa kichwani, kuku wanachakura, mbali mtu anakata kuni, kila kitu kilikuwa cha kawaida, na ule mkono uko pale. Nilisogea kwa ukaidi tu, sikutaka bi yule aone nikirudi nyuma. Nikaweka uso karibu. Hapo nikaona jambo lililonitisha zaidi. Mikono mingine yote ya shangazi, ile ya kwenye visiki, ilikuwa na mistari ya kiganja, na mikunjo ya vidole, na alama ya kovu la moto. Huu haukuwa na mstari hata mmoja. Ulikuwa laini tupu, weupe mtupu, mkono wa mtu ambaye hajazaliwa.

"Tazama, hauna mistari," nilisema.

"Wa maiti hupotea mistari," alinijibu yule bi. Hilo nalo si kweli, nimeosha maiti tangu wakati ule na najua, lakini siku ile lilinipita mwilini kama maji baridi. Akaniambia kijijini watu wote wameshauona. Wanasema mtoto kachoka kuwa peke yake, kamwita mama yake, na mkono umetangulia. Hakuna aliyekuwa tayari kuugusa wala kuufuta. Nami sikuufuta. Nilichukua kanga nikaondoka bila ya kutazama muhogo.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amekaa na shangazi, anampa dawa kwa kijiko. Nikayamwaga yote palepale, nusu kwa hofu nusu kwa hasira. Baba hakuinua uso. Kijiko kilibaki hewani. Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kile kidole kilichokatika. Kimekatwa sawasawa, au kimelala upande?"

"Kimelala upande, shangazi. Wa gumba. Vilevile kama chako."

"Vilevile?"

"Vilevile kabisa."

Akainywa dawa yake. Akajifuta mdomo, akalala, akageukia ukutani. Baba akasimama akashuka karakanani, na punde tukasikia randa ikipita, ingawa mimi nilijua hapakuwa na mbao ya kupiga randa.

Watu wa kule wote, na mimi nikiwemo, tulikosea kosa moja. Tulitazama kidole kisichokuwapo, tukaridhika. Mkono ungekuwa kamili tungeuchunguza. Upungufu wake ndio uliotufumba macho, na ni mtu mmoja tu duniani, zaidi ya shangazi, aliyekuwa akiujua upungufu ule kwa kipimo chake.

Ukweli niliuona asubuhi yake. Nilishuka karakanani kuchukua maranda ya kuwashia moto, kama kila siku, nikaingiza mkono ndani ya gunia, na ndani ya gunia mkono ukanipokea. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo nauonea haya. Kisha nikautoa. Ulikuwa wa mti wa mfenesi, umechongwa, umepigwa msasa mpaka ukawa kama ngozi, na chokaa imeingia ndani ya vinyweleo vya mti. Vidole vinne na kipande. Ilikuwa kazi nzuri kuliko mlango wowote aliopata kuutengeneza.

Niliuficha ndani ya kanga nikapanda nao juu. Nilikuwa na ghadhabu, nimeshapanga maneno yote nitakayomwambia baba mbele ya mtaa mzima. Shangazi akaunyoosha mkono wake kabla sijasema kitu. Akaupokea ule wa mti, akauweka kiganja kwa kiganja na wa kwake, kidole kwa kidole, mpaka kile kipande kikakutana na mwenzake. Vililingana.

"Hakusahau," alisema.

"Shangazi, mimi n'nakwenda kwa wazee leo hii hii. Nitawapa mkono huu wauone."

"Huendi popote."

"Kakuibia! Kamwibia mtoto!"

"Fyata ulimi, mwanangu. Ukenda na kitu hiki, watamchukua baba yako. Wangapi umeona wamechukuliwa mtaani hapa, wangapi umeona wamerudi?" Akakohoa sana, kisha akautia ule mkono wa mti chini ya mto wake, na akaniambia nimlete uji.

Haukupita muda mrefu tukaitwa shamba. Mnunuzi alikwishafika na wapasuaji wake na msumeno mrefu, na wazee wa kijiji wamesema hawauachii mti wa makaburini mpaka mwenyewe aje atamke. Tukaenda sote, shangazi amejifunga kifua, mimi nimembebea kikapu, baba nyuma yetu. Nilimtamani aseme. Nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu kwa neno moja tu, lolote lile, na neno hilo halikuja.

Watu walijaa nyuma ya nyumba, wamesimama mbali na mti. Mzee mmoja wa kijiji akamwuliza shangazi mbele ya wote: "Bi, mkono huu wako?"

Shangazi akasogea. Akaugusa kwa vidole vyake vinne, taratibu, juu, kisha akapiga magoti akaugusa ule wa chini. Nikafungua mdomo, na papo hapo akanishika kifundo cha mkono, akanibana mpaka mifupa ikaniuma. Kwa mgonjwa yule sijui nguvu ile aliitoa wapi. Baba alikuwa amesimama kando ya kisiki cha zamani, uso wake wa rangi ya majivu.

"Ndiyo," alisema shangazi. "Mkono wangu."

"Bi, umeuweka lini, nawe uko mjini?"

"Nshasema mkono wangu. Kateni."

Watu wakarudi nyuma. Kuna waliosoma aya kimoyomoyo, nikiona midomo yao. Walikuwa wamesikia kwamba amekiri mkono wake hutembea bila yeye, na wengine mpaka walipokufa waliamini hivyo.

Wapasuaji walikata kuanzia asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Mfenesi ule ulitoa utomvu mwingi, mweupe, ukawa unashuka juu ya ule mkono wa chini na kuufunika, na vidole vinachungulia. Ulipoanguka, ardhi ya makaburini ilitikisika chini ya nyayo zetu. Shangazi hakukaa kutazama. Alikuwa jikoni, kwenye mafiga matatu uani, akiwapikia wapasuaji kama ilivyo desturi, maana mwenye mti huwalisha wanaoukata. Akanituma nikamwite baba.

Baba akaja, akasimama. Chungu kilikuwa kinachemka, na chini yake, katikati ya kuni, mkono wa mti ulikuwa unaungua. Umelala chali. Vidole vimeshika moto juu, na kile kipande kifupi kinatoa povu la utomvu mbele ya macho yetu.

Shangazi akapakua wali, akampa sahani.

"Kula, mdogo wangu," alimwambia. "Kidole nilikupa, na mti wa mwanangu nshakupa. Sina tena cha kukupa."

Baba akaipokea sahani kwa mikono miwili. Akala, yote, amesimama, machozi yakimdondokea wali. Nilimchukia wakati ule, na nikamhurumia, na sijawahi kuvitenganisha viwili hivyo.

Mbao za mfenesi ule zilikuja karakanani kama alivyoahidiwa. Baba alizipanga ukutani, na hazikupigwa randa. Alipoulizwa na wateja alisema bado mbichi, na mwaka mwengine akasema bado mbichi. Shangazi hakurudi tena nyumbani kwetu. Nilikuwa nikimfuata mimi, na kila nikienda nilikuwa nikiukuta ule mkono kwenye kisiki, mweupe vilevile. Mvua za masika zilipita juu yake na hazikuufuta. Chokaa, chumvi na utomvu. Baba alikwishawaambia watu kwamba haitoki.

Shangazi alifariki wakati wa zile foleni ndefu za mchele. Niliosha maiti yake pamoja na wanawake wa pale, na mkono wa kulia niliuosha mimi. Mistari yake yote ilikuwapo. Alikuwa ameusia azikwe kwa mtoto wake, kwa hiyo wanaume wakachimba pale pale, ubavuni mwa kisiki.

Sisi wanawake hatwendi makaburini. Yaliyotokea aliniambia mume wangu, aliyekuwa amesimama ukingoni. Baba, kwa kuwa ni ndugu wa damu, ndiye aliyeshuka ndani kumpokea. Alipogeuka kuinua mikono, kisiki kilikuwa mbele yake na ule mkono wa chini uko usawa kamili wa uso wake. Akautazama. Jeneza likasogezwa, akaambiwa pokea, naye anatazama tu. Halafu akasema, "Nitoeni," akanyoosha mkono juu avutwe.

Mume wangu alisema mikono ilikuwa miwili pale kwenye udongo, mmoja mweupe na mmoja wa baba, yote imefunguka, na wanaume wote wakaitazama, na kwa muda hapana hata mmoja aliyeinama kuushika wa baba. Mwishowe mpasuaji mmoja wa zamani akamvuta. Akashuka mwanamme mwengine.

Shangazi yangu akapokelewa na jirani.